Uniti Zinazopotelea Chooni

Bomba la jikoni likidondoka tone baada ya tone, nyumba nzima husikia. Mtu atalikaza, atalifunga kwa kipande cha mpira, atatega sufuria chini yake, na mwishowe ataita fundi kwa sababu sauti ile inakera. Bomba la uani likipasuka, jirani atapiga hodi kabla hata mwenye nyumba hajaamka. Lakini tangi la choo cha kukaa linaweza kuvujisha maji mwaka mzima bila mtu kusema neno, kwa kuwa maji yake hayalowanishi sakafu, hayatengenezi dimbwi, na mara nyingi hayatoi sauti yoyote. Yanateleza kwenye ukuta wa nyuma wa bakuli, yanaingia katika maji yaliyotulia pale chini, na kutoka hapo yanakwenda moja kwa moja kwenye bomba la majitaka. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba ugumu wa choo kinachovuja uko katika kukigundua, wala hauko katika kukitengeneza. Watu wengi huamini kinyume chake: kwamba ubovu ukiwepo utajionyesha wenyewe, na kwamba kuuondoa ni kazi ya mtu mwenye mkoba wa spana. Imani zote mbili zina makosa, na makosa hayo tunayalipia kila mwezi.

Kifuniko cha tangi kikifunuliwa, vilivyomo ndani ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Upande mmoja kuna valvu ya kuingiza maji, inayoongozwa na boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, na likifika kimo chake hukandamiza mpira mdogo kwenye tundu la maji na kuliziba. Katikati kuna valvu ya kutolea, iliyokaa juu ya tundu kubwa chini ya tangi. Mtu akibonyeza kitufe, valvu hiyo huinuka, maji hushuka bakulini kwa mpigo, kisha valvu hurudi chini na mpira wake mpana huziba tundu mpaka safari nyingine. Kitu cha tatu ni mrija uliosimama wima, wazi juu, ambao kwa kawaida umeungana na valvu ya katikati. Kazi yake ni kupokea maji ya ziada. Valvu ya kuingiza ikikataa kufunga, maji hayafuriki hadi sakafuni; yanaingia kwenye mdomo wa mrija na kushuka bakulini taratibu. Mrija huo uliwekwa kwa nia njema na unaokoa nyumba nyingi zisigeuke bwawa, lakini hapo hapo unaficha ubovu. Kwa hiyo choo kina njia mbili tu za kupoteza maji bila kelele: juu, kupitia mrija, au chini, kupitia mpira usioziba sawasawa. Ukishajua ni ipi, nusu ya kazi umeimaliza.

Kwamba tatizo hili linatokana na muundo wa chombo chenyewe, wala si uzembe wa watu wa mahali fulani, linathibitishwa vizuri na yaliyotokea Uingereza. Kwa miaka mingi kanuni za maji za nchi hiyo zilitaka matangi ya vyoo yatumie sifoni, yaani bomba lililopinda juu ya usawa wa maji. Katika tangi la namna hiyo maji hayawezi kutoka mpaka mkono uvutwe na kuyasukuma yavuke ule mpindo. Yakishavuka, yanajivuta yenyewe mpaka tangi linakauka. Chini ya maji hakuna tundu linalotegemea mpira, hivyo hakuna kinachoweza kuvuja kuelekea bakulini. Sifoni ikichakaa, choo kinagoma kuflashi, na choo kilichogoma hakuna asiyekijua. Vyoo vya aina hiyo, vyenye mkono wa chuma pembeni au mnyororo wa kuvuta, bado vimo katika nyumba za zamani za miji yetu, na wazee waliovizoea wanajua kwamba shida yake ni kuvuta mara tatu ndipo maji yatoke. Kanuni mpya za Uingereza zilizotungwa mwaka 1999 ziliruhusu valvu za kudondosha maji kuanzia Januari 2001, na wakati huo huo zikapunguza maji ya kuflashi hadi lita 6. Valvu hizo ndizo zilizowezesha vitufe viwili, kidogo na kikubwa, ubunifu uliotoka Australia mwaka 1980 kwa kampuni ya Caroma, katika nchi kavu iliyokuwa na kila sababu ya kubana maji.

Nia ilikuwa kuokoa maji, na choo chenye vitufe viwili kikiwa kizima huyaokoa kweli. Lakini mwaka 2020 shirika la Waterwise la huko huko Uingereza lilieleza kwamba kati ya asilimia 5 na 8 ya vyoo vya nchi hiyo vinavuja, vingi vikiwa vya vitufe viwili, na kwamba jumla ya maji yanayopotea inakadiriwa kufika lita milioni 400 kwa siku. Choo kimoja kinachovuja kilikadiriwa kupoteza lita 215 hadi 400 kila siku. Hii ni nchi yenye mafundi wengi waliosomea, vipuri vilivyokaguliwa na maji yanayotoka saa 24. Ikiwa huko uvujaji unaweza kujificha kwa kiasi hicho, hakuna sababu ya kuamini kwamba hapa kwetu utajitangaza. Na vyoo tunavyofunga sasa, vinavyopangwa barazani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi vijijini, karibu vyote ni vya valvu hiyo hiyo.

Tuuchukue uvujaji wa wastani, robo lita kwa dakika. Ni mkondo mwembamba ambao mtu aliyesimama mbele ya bakuli anaweza asiuone. Kwa saa moja ni lita 15, na kwa siku nzima ni lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Mwezi ukiisha zimepotea uniti 10 na zaidi, maana uniti moja ya mita ni lita 1,000. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya msingi. Familia ya watu watano inayotumia lita 50 kila mmoja hutumia lita 250 kwa siku. Maana yake tangi moja la choo lenye mpira mbovu linakunywa maji mengi kuliko familia nzima inayokunywa, inayopika, inayooga na inayofua. Familia hiyo ikipokea bili inayokaribia mara mbili na nusu ya kawaida, itadhani msoma mita amekosea, au jirani amejiunganishia bomba usiku. Katika mji kama Nairobi, ambako bei ya uniti hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia zaidi, maji ya choo yanafanya na kitu cha ziada: yanaisukuma nyumba kwenye ngazi ya juu, kwa hiyo sehemu ya maji ya kupikia nayo inalipiwa kwa bei ghali. Na aliyeunganishwa na mfumo wa majitaka analipishwa tena, kwa kuwa gharama ya majitaka hukadiriwa kutokana na uniti za maji zilizosomwa kwenye mita.

Pingamizi la kwanza hapa linajulikana: maji yenyewe hayatoki kila siku, basi yatavuja saa ngapi? Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgawo mkali Oktoba 2022, baada ya Mto Ruvu kupungua, kuna mitaa iliyokaa siku kadhaa bila tone. Nairobi imekuwa ikigawiwa maji kwa ratiba tangu Januari 2017. Lakini mgawo ndio unaofanya uvujaji uume zaidi, kwa sababu ulitufundisha kuweka akiba. Nyumba yenye simtanki juu ya mnara haivujishi maji ya bomba la mtaani. Inavujisha akiba yake. Tangi la lita 1,000 likipoteza lita 360 kwa siku linakauka kabla ya siku ya tatu kuisha, hata kama wenye nyumba wamesafiri na hakuna aliyenawa mkono. Kama maji hayo yalipandishwa kwa pampu, umeme nao umepotea. Kama yalinunuliwa kwenye boza, hasara inahesabika kwa bei ya boza, ambayo ni mbali sana na bei ya mamlaka. Mgawo unaleta na madhara mengine kwenye valvu: bomba lililokaa kavu likifunguliwa tena, maji ya kwanza huja na mchanga na kutu, na punje moja ya mchanga chini ya ule mpira mdogo inatosha kuizuia valvu isifunge. Zaidi ya hapo, mkandamizo wa maji kwenye mabomba ya mtaa huongezeka usiku, watu wanapolala na mabomba yao yamefungwa, hivyo valvu iliyokuwa inafunga vizuri mchana huanza kupitisha saa nane za usiku, wakati ambao hakuna wa kuiona.

Hasara nyingine watu hawaihesabu kabisa, nayo iko ardhini. Nyumba nyingi za miji yetu hazimo kwenye mfumo wa majitaka. Zina karo na shimo la kunyonya uani. Karo hufanya kazi kwa utulivu. Uchafu mzito unapaswa kutuama chini, mafuta na povu kuelea juu, na maji ya katikati yaliyokwisha kuchujika ndiyo yapite kwenda kwenye shimo. Utulivu huo unahitaji muda. Choo kinachovuja kinaingiza maji masafi kila dakika, usiku na mchana, na maji hayo yanasukuma yaliyomo yatoke kabla hayajatuama. Chembe za uchafu zinafika kwenye shimo, zinaziba udongo, na shimo lililopaswa kunyonya kwa miaka mingi linaanza kujaa kila baada ya miezi michache. Zile lita 360 za kila siku ni zaidi ya lita 10,000 kwa mwezi, mzigo wa gari zima la kunyonya majitaka. Katika maeneo ambako maji ya ardhini yako juu, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam zilizo bondeni, shimo halina pa kuyapeleka. Mwenye nyumba anaita gari, analipa, baada ya wiki kadhaa anaita tena, kisha anaamua kuchimba shimo jipya. Kumbe chanzo kilikuwa mpira wa choo.

Basi kugundua ndiko kwenye uzito, na vipimo vyake havihitaji ujuzi. Kipimo kinachotegemewa kuliko vyote ni cha rangi. Rangi ya chakula, ile inayotiwa kwenye wali wa biriani, huyeyushwa kidogo kwenye kikombe cha maji na kumiminwa ndani ya tangi la choo, si bakulini. Kisha choo huachwa kwa dakika 15 hadi 30 bila mtu yeyote kukigusa. Bakuli likipata rangi, maji yanapita. Rangi ikionekana kidogo tu, yanapita polepole, lakini yanapita saa 24. Asiye na rangi akaushe ukuta wa nyuma wa bakuli kwa kitambaa, asubiri nusu saa, kisha abandike hapo kipande cha karatasi ya chooni. Karatasi ikilowa kwa mstari kutoka juu, jibu limepatikana. Hatua inayofuata ni kujua maji yanatokea wapi. Acha tangi lijae, chora kwa penseli mahali maji yalipofika, kisha funga ile koki ndogo iliyo ukutani chini ya tangi. Ukirudi baada ya saa moja au mbili ukakuta maji yameshuka chini ya alama, mpira wa chini ndio unaopitisha. Ukikuta hayajashuka hata kidogo, na bakuli nalo limetulia, wa kulaumiwa ni valvu ya kuingiza, ambayo koki yako iliinyima maji. Mara nyingi hata penseli haihitajiki, maana ukifunua tu kifuniko unaona maji yamefika kwenye mdomo wa mrija na yanaingia humo kimya. Dalili moja zaidi ifahamike: tangi linalojijaza lenyewe kwa sekunde chache katikati ya usiku, bila mtu kwenda chooni, linafidia maji yaliyotoka chini.

Kuna wanaosema mita inatosha. Funga mabomba yote, wanasema, andika namba usiku, soma tena alfajiri. Kipimo hicho ni kizuri kwa nyumba inayopokea maji moja kwa moja kutoka barabarani, na kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita kikizunguka wakati mabomba yote yamefungwa, hakika kuna maji yanayokwenda mahali. Ila kwa nyumba yenye tangi juu, mita inaweza kudanganya kwa pande zote mbili. Inaweza kuzunguka kwa sababu tangi la juu linajazwa, na inaweza kusimama kabisa wakati choo kinavuja, kwa kuwa choo kinakunywa kutoka juu na maji ya mtaa hayapo. Katika nyumba za namna hiyo ni afadhali kupima kimo cha maji kwenye tangi lenyewe kabla ya kulala na kabla ya mtu wa kwanza kuamka, au kurudi kwenye rangi, isiyojali maji yanatoka wapi.

Tukija kwenye matengenezo, tuanze na valvu ya kuingiza. Shika boya ulinyanyue taratibu kwa mkono. Maji yakikata, valvu ni nzima na kimo chake ndicho kimewekwa vibaya. Kwenye valvu za zamani za shaba, zenye mkono mrefu na boya la mviringo, mkono hupindwa kidogo kuelekea chini. Kwenye zile za plastiki, ambazo boya lake ni kikombe kinachopanda na kushuka kwenye nguzo, kuna skrubu ndefu au kibanio pembeni cha kuliteremshia. Maji yanapaswa kukoma sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa mrija. Kama boya lenyewe limeingia maji ndani, utalisikia ukilitikisa, na hapo hakuna jingine ila kulibadilisha. Kama umelinyanyua boya hadi mwisho na maji bado yanapita, kuna kitu chini ya mpira. Funga koki, flashi choo, fungua kifuniko kidogo cha juu ya valvu, ambacho kwa kawaida huachia kwa kuzungushwa kidogo tu, na utoe mpira uliomo, wenye upana wa sarafu. Utazame vizuri kwenye mwanga. Mpira mchakavu huwa na mfereji wa duara katikati, mahali ambapo mdomo wa tundu umeukandamiza maelfu ya mara, na mfereji huo ukikatika upande mmoja maji yanapata upenyo. Mipira mingi inaweza kugeuzwa ikatumiwa upande wake wa pili, na ikahudumu kwa muda. Kabla ya kuurudisha, funika valvu kwa kikombe kilichogeuzwa, fungua koki sekunde mbili tatu ili maji yasukume nje mchanga uliobaki, kisha funga na urudishe kila kitu. Kazi hii haihitaji hata spana.

Valvu ya chini inataka uangalifu zaidi, ingawa haitaki nguvu. Kwenye vyoo vya vitufe, pete inayoshika vitufe juu ya kifuniko hufunguliwa kwa kuzungushwa kushoto. Kifuniko kilazwe juu ya taulo, maana ni cha kauri, na kikivunjika kupata kinacholingana nacho dukani ni shida kubwa. Koki ikiwa imefungwa na tangi limemwagwa, silinda ya katikati huzungushwa robo mzunguko, nayo inaachia kitako chake na kutoka nzima. Chini yake kuna mpira mwembamba wa duara, na hapo ndipo penye siri yote. Upitishe kidole mzunguko mzima. Mpira mzuri ni laini na unarudi ukiubonyeza. Mbovu umekauka, umejikunja ukingoni, au una utelezi wa weusi unaobaki kidoleni. Katika nyumba zinazotumia maji ya kisima, hasa mwambao ambako maji huwa na chumvi na chokaa, utakuta gamba gumu jeupe limeganda kwenye mpira na kwenye mdomo wa tundu. Gamba hilo lisikwanguliwe kwa kisu wala msasa, maana mkwaruzo mdogo kwenye plastiki ni njia mpya ya maji. Kitambaa kilicholowekwa siki na kuwekwa hapo nusu saa, kisha mswaki wa zamani, vinatosha. Kama mpira umelemaa, nenda nao dukani ukiwa mkononi, kwa kuwa vipenyo vyake vinapishana kwa milimita chache na hakuna muuzaji anayeweza kukupa wa kufaa kwa maelezo ya mdomo. Ukirudisha, hakikisha vijiti vinavyosukumwa na vitufe havikurefushwa mno. Kijiti kirefu huibonyeza valvu daima hata kama hakuna mtu chooni, na watu wamebadilisha mipira mitatu bila kujua kwamba kosa lilikuwa kwenye kijiti. Kwenye matangi yenye kifuniko cha mpira na mnyororo, tazama mnyororo kwanza: ukiwa mfupi unaninginiza kifuniko, ukiwa mrefu unaingia chini yake. Na vile vidonge vya rangi ya buluu au vya klorini vinavyotumbukizwa ndani ya tangi ili kuleta harufu nzuri viachwe, kwa sababu klorini iliyokaa na mpira mchana na usiku inauchakaza haraka.

Kwa nini basi tusimwachie fundi bomba, ambaye hiyo ndiyo riziki yake? Namheshimu fundi, na kuna kazi ambazo ni zake peke yake: bakuli lililopasuka, bomba lililofukiwa ukutani, tangi linalovuja kwenye maungio yake na bakuli, koki iliyoota kutu ambayo ukiilazimisha itakatikia mkononi. Lakini fundi huja akiitwa, na huitwa kwa ubovu unaojulikana. Hakuna fundi anayepita nyumba kwa nyumba akitia rangi kwenye matangi. Tena, fundi aliyeambiwa tu kwamba choo kinavuja ana kila sababu ya kubadilisha mashine yote ya ndani, kwa kuwa hawezi kukaa saa mbili akisubiri alama ya penseli, na hataki kuitwa tena kesho kwa lawama. Aliyeambiwa kwamba maji yanashuka chini ya alama koki ikiwa imefungwa atakwenda moja kwa moja kwenye mpira. Gharama inabadilika kutoka mashine nzima hadi kipuri kidogo, na fundi mwaminifu hufurahia mteja anayemrahisishia kazi.

Wengine hufunga koki na kuanza kumwaga kwa ndoo. Kama mbinu ya wiki moja, ni ya busara kuliko kuacha maji yaende. Ikigeuka kuwa desturi ya miaka, tujiulize nani anabeba ndoo. Kwa kawaida ni mama, msichana wa kazi na watoto, na mzee au mgonjwa asiyeweza kuinua lita 10 anakiacha choo kama alivyokikuta. Kinachotafutwa ni mpira wa bei ndogo. Hakuna haki ya kuwatwisha watu hao mzigo huo kwa ajili yake.

Pingamizi zito zaidi ni la mpangaji. Choo si changu, husema, mwenye nyumba atengeneze. Kimsingi anasema kweli: mfumo wa nyumba ni wajibu wa mwenye nyumba, na mpangaji asitwishwe kununua tangi jipya. Tatizo ni kwamba bili inamfikia mpangaji wakati ubovu haujamfikia mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayeishi Mbezi hawezi kujua kinachotokea usiku katika chumba alichopangisha mtaa mwingine, Tabata. Kwenye nyumba zenye mita moja kwa familia nne au tano hali ni mbaya zaidi. Bili ikipanda inagawanywa kwa vichwa, na hapo huanza kutupiana maneno: nani anafua sana, nani ameleta wageni, nani anaogesha watoto mara tatu. Nimeona ni jambo la kusikitisha kwamba watu wanaoazimana chumvi wanagombana kwa maji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatumia. Rangi ya biriani ikitiwa kwenye matangi yote siku moja, kila mtu akiwepo, ugomvi unakwisha kwa nusu saa, na mwenye nyumba anapopigiwa simu anapelekewa habari kamili: choo cha upande wa kulia, mpira wa chini, kipenyo hiki.

Linabaki suala la vipuri, na hapa wanaolalamika wana haki. Madukani kuna mashine za plastiki nyepesi ambazo mpira wake hukakamaa kabla ya mwaka kwisha, na mtu aliyebadilisha mara mbili anakata tamaa, anaona bora maji yaende. Mnunuzi anaweza kujilinda kiasi. Mpira wa silikoni, ule laini unaopinda na kurudi bila kuacha alama ya mkunjo, huvumilia maji ya chokaa kuliko mpira mweusi wa kawaida. Valvu ambayo sehemu zake zinafunguka kwa mkono ni bora kuliko iliyobandikwa, hata kama inazidi bei kidogo, kwa sababu utaweza kuisafisha mchanga. Muulize muuzaji kama anauza mpira peke yake. Duka linalouza mashine lakini halina mipira yake litakulazimisha kununua mashine nyingine. Nati za plastiki zikazwe kwa mkono, na spana iongeze robo mzunguko tu, maana nyingi hupasuka siku hiyo hiyo ya kufungwa. Kisha itiwe rangi tena tangi likishajaa, na mara nyingine baada ya wiki, mpira ukishakaa mahali pake.